Sahihi ya Eleuterio

Saa kumi alfajiri, El Alto.
Maji ya huku juu ni waongo:
yanatokota mapema, hayaivishi.
Mahindi ya zambarau nayapika mara mbili,
na mtungi wa gesi unakata roho
mwezi haujafika katikati.
Hesabu hiyo haimo kwenye fomu.

Kwenye fomu kuna mstari wa nukta
na chini yake: sahihi ya mume.

Mume yuko São Paulo, anashona suruali za watu.
Miaka sita. Pesa alituma mara mbili,
mara ya tatu picha: amenenepa,
ameegemea gari ambalo si lake.
Nilimweleza hivyo hivyo kijana wa mikopo,
Wilmer Apaza, shati jeupe, kucha safi.
Akasema, "Mama Fortunata, mimi nakuelewa,
ila mfumo haukubali."
Nikadhani Mfumo ni mtu.
Nikaomba nionane naye.

Nauzia ndani ya mraba wa chaki,
mita moja na robo kwa sentimita tisini.
Mraba una ada ya kufagiliwa, na naufagia mwenyewe.
Una ada ya bendi, siku ya sherehe ya soko.
Una ada ya maandamano: usipoandamana, faini;
ukiandamana, siku hiyo hukuuza.
Doña Casimira hupita na daftari, kofia upande,
na mvua ya mawe ikianguka
huchukua chake kwanza, ndipo akajibanza.
Simlaumu sana. Naye ana wanaomdai.

Mwaka juzi tulikopa wanawake watano,
kila mmoja dhamana ya mwenzake.
Benita akahama usiku na cherehani yake,
tukabaki wanne tukiilipia
cherehani tusiyoisikia ikilia.
Tulikopa harusi, tukalipa matanga
ya mtu ambaye hajafa.

Wara, binti yangu, ndiye sanduku langu la chenji:
hukimbia kibanda hadi kibanda kuvunja noti,
akafika shule kengele imeshalia.
Mwalimu huniandikia barua.
Barua nayo hutaka sahihi ya baba.

Hiyo naighushi.
Miaka sita naighushi, mpaka imekuwa nzuri kuliko yake;
mkia wa herufi ya mwisho naupindisha
kama mvuke unavyotoka sufuriani.
Lakini ya benki mkono ulikataa.
Kalamu ilikuwepo, Wilmer alikuwa ametazama pembeni,
nadhani kwa makusudi, Mungu ambariki,
na mkono ukakataa.
Sijui. Labda kwa sababu uji ni wangu.

Fomu nikaikunja, nikaitia kifuani chini ya shali,
ikakaa huko wiki nzima ikipata joto bure.

Jumanne karatasi za kufungia ziliniishia.
Saa moja na nusu, foleni, ukungu, vidole ganzi,
maandazi ya jibini yamevimba vizuri,
makubwa, na ndani hewa,
kama ahadi za mgombea.
Mteja wa tano: shati jeupe.
"Moja, mama, na kikombe cha uji."
Nikatoa nilichokuwa nacho.

Alikula amesimama.
Mafuta yaliipenya fomu hadi ikaonyesha upande wa pili,
jina langu likionekana kinyumenyume,
na pale kwenye mstari wa nukta, juu ya *mume*,
kidole gumba chake kilikuwa kimeweka alama
nono, ya duara, inayong'aa.
Aliiona. Hakusema. Mimi pia sikusema.

Akatoa noti ya mia. Nani ana chenji ya mia
saa moja na nusu ya asubuhi?
Wara alikuwa ameshaenda shule, siku hiyo mapema.
"Nitaleta kesho," akasema, ameona haya.

Nikafungua daftari langu, lenye madoa ya zambarau,
nikaandika:
Wilmer Apaza. Boliviano nane.
Nikapuliza wino ukauke.
Sikumwuliza mkewe.